Tathmini: Liverpool walivyobadilisha kocha baada ya Klopp, nawapa nyota nne

Wadau salaam. Naanza na jibu ili asiye na muda aende zake: nyota nne kati ya tano. Na hapa sipimi Klopp alikuwa kocha mzuri kiasi gani, hilo halina mjadala, napima kitu kimoja tu, klabu ilituhudumiaje sisi mashabiki kuanzia siku kocha aliposema naondoka mpaka siku mwingine alipokaa kwenye kiti chake na timu ikaanza kucheza. Kubadilisha kocha ni huduma, na klabu nyingi kubwa zinaitoa vibaya sana, halafu sisi mashabiki tunabaki kugombana wenyewe kwa wenyewe nani arithi, fulani au fulani, wakati tatizo wala haliko hapo.

Turudi Ijumaa ile ya tarehe 26 Januari 2024. Liverpool tunaongoza ligi, pointi tano juu ya Manchester City japo wao wana mechi mkononi, tumeshaingia fainali ya Carabao (Kombe la Ligi la Uingereza), FA tumo, Europa tumo, mambo yanaenda, mara inatoka video ya Klopp kakaa anaongea taratibu kabisa kwamba mwisho wa msimu anaondoka kwa sababu nguvu zinamwishia. Aisee. Kuna watu walidhani ni video ya kutengeneza. Ila kilichonifurahisha mimi kama mteja wa hii klabu ni hiki: Klopp alikuwa amewaambia wamiliki tangu Novemba, na siri ikakaa pale ndani wiki zote hizo bila kuvuja. Kwenye mpira wa sasa ambapo mchezaji akipima afya tu picha ziko kila kona, hilo si jambo dogo, tulisikia habari kutoka kwa mwenye nayo, kwa mdomo wake, na sababu akazitaja mwenyewe.

Hapo ndipo mjadala mkubwa ulipoanza na mpaka leo haujaisha: je ilikuwa sahihi kutangaza Januari? Upande mmoja wanasema tangazo liliua msimu, wachezaji vichwa vikahama, kila mechi ikageuka kuwa ya kuaga badala ya mechi ya pointi. Na ukiangalia matokeo wana hoja. Carabao tulibeba, 25 Februari, Chelsea moja bila, kichwa cha Van Dijk dakika ya 118 huku uwanjani kumejaa madogo wa akademi, kina Danns, McConnell, Clark na Quansah, ile siku hata asiye shabiki wetu alisimama. Lakini baada ya hapo ni maumivu matupu. Old Trafford, kwa Manchester United, tunatolewa FA nne kwa tatu ndani ya dakika za nyongeza, Atalanta wanakuja uwanjani kwetu Anfield kwenye Europa wanatupiga tatu bila, siku tatu mbele yake Crystal Palace wanakuja hapo hapo wanashinda moja bila, halafu Everton wanatumalizia kwao mbili bila na ubingwa ukafia pale. Tukamaliza wa tatu na pointi 82. Halafu ile ya West Ham, sare ya mbili mbili, Salah anasubiri kuingia pembeni ya uwanja anarushiana maneno na Klopp mbele ya kamera zote na Darwin Núñez anamsukuma Salah taratibu atoke pale. Miaka saba ya kufanya kazi pamoja halafu picha ya mwisho mwisho inakuwa ile, iliuma.

Mimi niko upande wa pili. Tangazo la Januari lilikuwa sahihi, na nadhani wanaolilaumu wanasahau mengine yaliyokuwa yanaendelea. Salah alikuwa amerudi kutoka AFCON na msuli wa paja umechanika, kipa Alisson nje, beki wa kulia Trent nje, Jota nje, Curtis Jones nje, timu iliyobeba Carabao ilikuwa nusu yake ni watoto. Ile pumzi iliyokata Aprili ilikata kwa sababu timu ilikuwa imekimbia mechi nyingi mno na watu wachache mno. Na hata kama tangazo lilituchukulia pointi kadhaa, basi lilitununulia miezi minne ya kutafuta mrithi kwa utulivu, bila kujificha, bila kuongea na mawakala usiku wa manane, na hiyo miezi minne ndiyo iliyoleta ubingwa wa mwaka uliofuata. Kwangu ni biashara nzuri, ningeichukua tena.

Linganisha na majirani, Manchester United. Kocha wao Ferguson alitangaza kuondoka 8 Mei 2013, kesho yake David Moyes akatangazwa kuwa ndiye mrithi, mkataba wa miaka sita. Yaani mtu amekaa miaka 26 na ushee, ameshinda ligi kuu mara 13, mrithi wake anapatikana kwa siku moja kwa sababu mzee mwenyewe ndiye aliyemchagua. Na cha hatari zaidi kilichopita kimya kimya ni kwamba David Gill, mtendaji mkuu aliyekuwa anajua kila mlango wa usajili, naye aliondoka majira yale yale. Kwa hiyo hakuondoka kocha peke yake, iliondoka ofisi nzima kwa mkupuo. Dirisha la kwanza wakahangaika na majina makubwa, wakaishia kumchukua Fellaini saa za mwisho. Kikosi chenyewe kilikuwa bingwa kwa tofauti ya pointi 11 lakini nguzo zake, kina Ferdinand, Vidic, Evra na Giggs, umri ulikuwa umeenda. Aprili 2014 Moyes akafungashiwa virago, hata msimu mmoja haujaisha, timu ikamaliza ya saba. Na tangu hapo kila kocha anayefika pale anakuta mashabiki wanauliza swali lile lile, huyu ndiye au siye, miaka inaenda.

Arsenal nao, kocha wao Wenger alitangaza kuondoka 20 Aprili 2018 baada ya miaka karibu 22, watu walishagawanyika vibaya, wengine wamebeba mabango ya kumtaka atoke na wengine wanalia. Akaja Unai Emery, kocha mwenye makombe yake ya Europa kutoka Sevilla, lakini ndani ya miezi michache Gazidis, bosi aliyemleta, akaenda zake AC Milan, na Mislintat aliyekuwa anasimamia kusaka vipaji naye akaondoka mwanzoni mwa 2019. Emery akabaki kama mpangaji ambaye mwenye nyumba kahama na funguo. Novemba 2019 na yeye akatoka. Watu wanamcheka Emery mpaka leo lakini angalieni alichokifanya Villarreal na Aston Villa halafu mjiulize kama shida ilikuwa kocha.

Sasa angalia Liverpool walifanya nini na hii ndiyo sehemu ninayowapa nyota zangu bila kusita. Kabla hata hawajaanza kutaja jina la kocha walijenga ofisi kwanza. Machi 2024 Michael Edwards akarudishwa na wamiliki kuwa bosi wa masuala yote ya mpira, huyu ndiye aliyekuwa nyuma ya usajili wa Salah, Mané, Van Dijk, Alisson. Edwards akamleta Richard Hughes kutoka Bournemouth kuwa mkurugenzi wa michezo. Hapo ndipo wakaanza kutafuta kocha. Usione vyaelea vimeundwa.

Na sisi mashabiki wakati huo tulikuwa wapi? Tulikuwa tunapiga kelele Xabi Alonso, Xabi Alonso. Naelewa kabisa, mtu amecheza kwetu, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Istanbul 2005 alikuwepo na goli la kusawazisha ni lake, Leverkusen anawapeleka kwenye ubingwa bila kufungwa, nani asimtake? Tarehe 29 Machi akasema anabaki Leverkusen. Nakumbuka hali ya hewa ilivyochafuka, watu wakaanza kusema chama limeisha, tunarudi kule kwenye siku mbaya za kocha Hodgson. Akatajwa sana Amorim, kocha wa Sporting ya Ureno wakati ule. Halafu likaja jina la Arne Slot wa Feyenoord na wengi wakauliza ndiyo nani huyo. Bingwa wa Uholanzi 2023, kombe la Uholanzi 2024, basi, hamna jina kubwa, hamna historia na Anfield, hamna video za kuwatoa watu machozi.

Ila kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, walichoangalia pale ofisini ni vitu vitatu vya kawaida kabisa: timu yake inacheza mpira unaofanana na ule tuliozoea, wachezaji wanakua mikononi mwake, na hawaumii ovyo ovyo. Hicho cha tatu kwa timu ambayo imetoka kupoteza ubingwa ikiwa na chumba cha majeruhi kimejaa kilikuwa muhimu kuliko jina lolote. Hawakutafuta Klopp wa pili, walitafuta mtu anayefaa kwa kikosi ambacho tayari kipo. Tofauti hiyo ndogo ndiyo kila kitu.

Kikosi chenyewe nacho Klopp hakukiacha hoi, hapo lazima tumpe haki yake. Majira ya 2023 alikubali kuwaachia Henderson, Fabinho, Firmino, Milner, Keïta, Oxlade-Chamberlain, karibu safu nzima ya kiungo iliyompa makombe, akaleta Mac Allister, Szoboszlai, Gravenberch na Endo. Angeweza kuwaacha wazee wake wacheze mwaka mmoja zaidi halafu mrithi apate tabu, hakufanya hivyo. Ferguson alibeba ubingwa na kikosi chake cha mwisho, Klopp aliandaa kikosi cha mwenzake kubeba. Unajua kitu kingine, wote wawili mechi yao ya mwisho ilikuwa tarehe 19 Mei, mmoja 2013 sare ya tano tano na West Brom, mwingine 2024 ushindi wa mbili bila dhidi ya Wolves.

Na siku hiyo ya Wolves ndiyo nilijua huduma imekamilika. Mechi imeisha, Klopp kashika maiki katikati ya uwanja, kavaa hudi nyekundu, watu wanalia kila upande, na mtu angetegemea aseme nimewapenda mmenipenda kwaheri. Badala yake akawaambia mashabiki wampokee kocha mpya kama walivyompokea yeye, halafu akaanza kuimba jina la Arne Slot kwa ule mdundo wa wimbo wake mwenyewe, na Anfield nzima ikaimba naye. Slot mwenyewe hata hajatangazwa rasmi, alitangazwa kesho yake. Hebu fikiria mrithi anaanza kazi akiwa ameshaimbwa na uwanja mzima, na aliyeanzisha wimbo ni mtu ambaye kivuli chake ndicho kingemmaliza. Hakuna pesa inayonunua kitu kama hicho. Kwa nyota nne hizi, moja ni ya ile dakika.

Basi Slot akaingia. Dirisha la kwanza walimtaka kiungo mkabaji Zubimendi akawagomea, wakamsajili Chiesa peke yake kwa hela ndogo tu, na kipa Mamardashvili ambaye alikuwa wa kuja mwaka unaofuata. Kelele zikawa nyingi mno, mimi pia sikupenda kwamba nafasi ya kiungo mkabaji imeachwa hivi hivi. Mechi ya kwanza Ipswich, kipindi cha kwanza sifuri sifuri, mapumziko anamtoa Quansah, kijana aliyefunga goli kwenye mechi ya kumuaga Klopp, anamwingiza Konaté kwa sababu tunapoteza mipira ya kugombea na mshambuliaji wao. Bila kupepesa macho. Tukashinda mbili bila. Hapo nikajua huyu bwana hakuja kulinda makumbusho. Halafu ile nafasi ya Zubimendi akampa Gravenberch ambaye mwaka uliopita alikuwa anakaa benchi, na Gravenberch akageuka mmoja wa viungo bora wa ligi nzima, anapokea mpira amegeuziwa mgongo, anazunguka, mtu kabaki nyuma. Nottingham Forest walikuja kutufunga Anfield moja bila Septemba, watu wakaanza kusema si tulisema, lakini baada ya hapo gari likawaka. Salah magoli 29 na pasi za magoli 18. Tarehe 27 Aprili 2025 tukawapiga Spurs tano moja, ubingwa mkononi na mechi nne zimebaki, la 20 kwenye historia, sawa na Manchester United. Mara ya mwisho, 2020, tulibeba viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya corona, safari hii watu walikuwepo na walilia vizuri.

Sasa nyota ya tano. Hii siitoi na sitaitoa.

Salah, Van Dijk na Trent, wote watatu mikataba yao ilikuwa inaisha Juni 2025. Wote watatu! Mfungaji bora, kepteni na kijana wa nyumbani aliyeingia akademi akiwa na miaka sita. Inawezekanaje klabu yenye akili hivi ikafika hapo? Inawezekana kwa sababu Edwards aliondoka 2022, mrithi wake, Julian Ward, akakaa mwaka mmoja akaondoka, akaja Schmadtke wa kushikilia kwa muda naye akaondoka Januari 2024. Kile kiti cha mkurugenzi wa michezo kilikuwa kinapita watu kama stendi, na hakuna anayekaa muda wa kutosha kumwita mchezaji mezani akamwambia kaka tuongeze miaka. Kwa hiyo wakati tunaisifia ofisi kwamba ilijengwa kabla ya kocha, tukumbuke pia ilijengwa ikiwa imechelewa miaka miwili. Tukaishi msimu mzima wa ubingwa roho juu, Salah anatoka kuwapiga Southampton Novemba anasema hajapewa ofa yoyote na yuko nje zaidi kuliko ndani. Yeye na Van Dijk wakasaini Aprili, sawa, tukapumua. Trent akaenda Real Madrid kwa hela ya soda ukilinganisha na thamani yake, na Anfield ikamzomea kwenye mechi ya Arsenal. Kuna wanaomlaumu Trent na kuna wanaolaumu waliozomea, mimi namlaumu aliyeacha mkataba ufike mwaka wa mwisho. Na kinachoniudhi zaidi, msimu uliofuata Konaté naye akaingia mwaka wa mwisho wa mkataba wake bila kusaini. Ugonjwa ule ule, na safari hii hamna kisingizio cha kiti kitupu.

Kuhusu yaliyoendelea tangu hapo, nitakuwa mfupi kwa sababu inauma. Julai 2025 tulimpoteza Diogo Jota na mdogo wake André kwenye ajali ya gari Hispania, na mtu yeyote anayechambua msimu wa 2025/26 kwa fomesheni na namba bila kuanza na hilo mimi huwa simsikilizi. Wale wachezaji walizika rafiki yao halafu baada ya siku chache wakarudi mazoezini. Wakaja Wirtz, Isak, Ekitike, Kerkez, Frimpong na wengine, dirisha zima zaidi ya pauni milioni 400, kikosi kikabadilika kwa mkupuo, tukashinda mechi tano za kwanza za ligi, nyingi kwa magoli ya dakika za mwisho, halafu kibao kikageuka: Palace, Chelsea, United, Brentford, mechi nne za ligi mfululizo kichapo. Novemba Forest tatu bila kwetu, PSV nne moja kwetu. Na mjadala ukarudi ule ule, kocha atoke, mrudisheni Klopp.

Ndugu zangu, kumrudisha Klopp apindue meza hakuondoi swali. Alisema mwenyewe nguvu zimemwishia na tangu Januari 2025 yuko Red Bull anafanya kazi ya ofisini, tumheshimu. Wanaosema Slot alibebwa na kikosi cha Klopp naona wanakosea pia, maana kikosi kile kile 2024 kilimaliza cha tatu. Na wanaosema Slot asiguswe milele kwa sababu alileta kombe nao wanatuambia tuishi kwa kumbukumbu. Mimi ninachotaka kujua ni nani aliyeamua kubadilisha sehemu kubwa ya safu ya ushambuliaji na mabeki wa pembeni ndani ya dirisha moja, wakati ubingwa wenyewe tuliupata kwa kutogusa karibu kitu chochote. Uamuzi huo haukuwa wa mtu mmoja wa benchi la ufundi. Ofisi ile ile niliyoipa nyota nne kwa utulivu wake wa 2024 ndiyo iliyofanya pupa ya 2025.

Kwa hiyo kwa shabiki wa timu yoyote ambaye kocha wake anaondoka au anakaribia kuondoka, huduma ya Liverpool ya 2024 ndiyo bora niliyowahi kuiona na idaini klabu yenu kitu kama hicho: watangaze mapema, wajenge ofisi kwanza, wachague anayefaa kikosi na si anayefaa nyimbo, na anayeondoka amshike mkono anayekuja mbele ya watu. Ila kabla hamjauliza jina la kocha mpya, ulizeni mikataba ya wachezaji wenu wakubwa inaisha lini na nani anaishughulikia. Sisi hatukuuliza mapema, na beki wetu wa kulia yuko Madrid.